Kompyuta ya Mwisho Kwenye Orodha

Mimi ndiye niliyeuleta ugonjwa. Naanza na hilo kwa sababu kwa miaka mingi nimekuwa nikisimulia habari hii kuanzia pale nilipoanza kuwasaidia watu, na nikianzia pale huwa naonekana mtu mwema sana.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa kompyuta katika chuo kidogo mjini Kisii, juu ya duka la vitambaa. Tulikuwa na kompyuta sita na wanafunzi wapatao arobaini, wengi wao wasichana walioletwa na wazazi wajifunze kupiga chapa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na kichwa kilikuwa kimenivimba. Siku hizo mtu aliyejua kuwasha kompyuta na kuizima bila kuomba msaada aliitwa mwalimu hata na wazee wenye mvi, nami niliitika bila haya.

Rafiki yangu wa Nairobi alinipa diski yenye mchezo. Herufi zilianguka kutoka juu ya kioo, nawe ukazipiga kwenye kibodi kabla hazijafika chini. Wanafunzi waliupenda mno, wakawa wanachelewa kwenda kula. Basi nikaunakili. Kila aliyemaliza masomo nilimpa diski yake, na kila mteja niliyemtengenezea mashine nilimwachia moja bure, nikiona ni ukarimu.

Alhamisi moja asubuhi, mzee wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi alipanda ngazi hadi darasani kwetu. Nilishtuka kumwona, maana tangu nimjue sikuwahi kumkuta mbali na kaunta yake. Alisimama mlangoni akihema, akaniashiria nitoke.

"Mwalimu, ile mchezo yako imeleta ugonjwa kwa kompyuta yangu," akasema.

"Ugonjwa gani, mzee?"

"Mtoto wa ndugu yangu anafanya kazi ya kompyuta Nairobi. Jana amekuja kutusalimia, ameangalia mashine. Anasema iko na kirusi. Hiyo kirusi inalala tu, huwezi kuiona. Siku moja kwa mwaka inaamka, inakula kila kitu." Aliingia ndani, akaenda moja kwa moja hadi kwenye kalenda ukutani, akaweka kidole. "Ni hii Jumatano inakuja."

Wanafunzi waliacha kupiga chapa. Nilitaka kucheka ili waone kwamba mwalimu wao hababaiki, lakini kicheko hakikuja. Mzee alinipa diski mbili alizoachiwa na mpwa wake, na karatasi yenye maelezo kwa mwandiko mzuri. Nikaisoma nimesimama.

Kirusi hicho, kumbe, kilikuwa kinajulikana siku nyingi. Wenye kazi yao Nairobi walikuwa wakikizungumzia kama sisi tunavyozungumzia malaria. Ni mimi tu, mwalimu, niliyekuwa sijasikia. Kilihama kwa njia ya kijinga kabisa: ukisahau diski ndani ya mashine ukaizima, kesho ukiiwasha kabla ya kuitoa, kimeshaingia. Kutoka hapo kinaambukiza kila diski itakayotiwa. Mashine haionyeshi dalili yoyote. Siku yake ikifika, wakati unapoiwasha tu, kinaandika takataka juu ya kila kitu kilichohifadhiwa. Ukiiacha imezimwa siku hiyo nzima, hakuna kitu, kinalala tena hadi mwaka ujao.

Diski moja ilikuwa ya kuwashia na nyingine ilikuwa ya dawa. Sharti lilipigiwa mstari mara mbili: iamshe mashine kwa diski safi kwanza, ndipo utie dawa, ili kirusi kisiamke pamoja na mashine. Mchana ule niliwatuma wanafunzi nyumbani nikapima kompyuta zetu zote sita. Tano zilikuwa nacho. Nilikaa kwenye kiti cha mwanafunzi nikaziangalia zile mashine nilizozifuta vumbi kila asubuhi, nikahisi nimetapeliwa, halafu nikakumbuka kwamba tapeli ni mimi.

Nilichukua daftari nikaanza kuandika. Nani nilimpa diski, anafanya kazi wapi, mashine gani. Ilikuwa kazi ya kutia aibu, maana kila nilipodhani nimemaliza, nilikumbuka mwingine ambaye alinishukuru sana. Orodha ilisimama kwenye mashine kumi na saba nje ya chuo. Kutoka Nyamarambe hadi Manga, popote palipokuwa na kompyuta, palikuwa na ukarimu wangu.

Siku zilizofuata niliruka huku na huko kama mfanya kampeni. Kule Nyamarambe, karani wa shule aliapa kwamba hajawahi kuiona diski yangu. Nikaipima mashine yake, ikawa nacho. Akaapa tena. Kisha akavuta droo kutafuta kalamu, na diski ikawa pale, chini ya kitabu cha nyimbo, na jina la chuo chetu juu yake kwa mwandiko wangu mwenyewe. Alinitazama, nikamtazama, tukaacha hayo mambo. Wengine walikasirika. Mmoja aliniuliza kama na yeye mwenyewe anaweza kuambukizwa, na je, afunge dirisha? Nilimjibu vibaya, na bado najuta, kwa sababu swali lake halikuwa la kipumbavu kuliko yale niliyoyafanya mimi.

Kila nilipomaliza mashine nilitia alama kwenye daftari. Nilianza kuzipenda zile alama. Hofu ikapungua, maringo yakarudi.

Kompyuta ya kumi na saba ilikuwa kwenye zahanati ya kanisa, juu kwenye ukingo wa Manga. Zahanati hiyo ilikuwa ya Wasabato, na mtu wake mkuu alikuwa mkunga mmoja aliyebakiza miezi michache astaafu. Kila mtu alimwita Sista. Alikuwa amezalisha wanawake wa mlima ule kwa miaka ishirini na miwili, na kila mtoto alimwandika kwenye rejista: mama, mtoto, siku, saa. Wazazi walipotaka cheti cha kuzaliwa, au mtoto alipoandikishwa kwa mtihani wa darasa la nane, walikwenda kwake, naye akafungua kitabu akawaandikia barua. Wengi wa watu wale hawakuwa na karatasi nyingine duniani inayosema walizaliwa lini.

Mchwa ndio walionileta kwake. Walikuwa wamezifikia rejista za zamani, na kanisa likapewa kompyuta iliyotumika, nami nikaitwa kuifunga. Nilimtengenezea programu ndogo. Kwa mwaka mmoja na nusu, kila jioni jenereta ilipowashwa kwa ajili ya taa, Sista alikaa mbele ya kioo akaziingiza rejista zote kwa vidole viwili. Alipomaliza aliniuliza afanye nini na vitabu. Nikamwambia, "Sista, hicho sasa ni chakula cha mchwa. Choma." Mlinzi akavichoma kwenye shimo la taka. Aliniuliza pia juu ya nakala, nikamwahidi kwamba nitamletea diski za kutosha. Hilo nilimwahidi mara tatu.

Kwa watoto waliozaliwa baada ya hapo, programu ilijiandikia tarehe yenyewe. Sista aliwahi kunilalamikia. "Huyu mtoto amezaliwa jana baada ya jua kuzama. Ni mtoto wa Sabato. Mashine yako imeandika Ijumaa."

"Mashine haisali, Sista," nilimjibu, nikacheka. Kisha, kwa sababu umeme wao ulikuwa wa kukatikakatika na saa ya mashine ingeweza kupotea, nilimfundisha jinsi ya kuirekebisha mwenyewe. Alijaribu mbele yangu mara mbili, nikampongeza, nikaenda zangu. Nilikuwa nimeyasahau mazungumzo hayo kabisa.

Jumapili nilipanda kwake kumweleza habari ya kirusi. Nilimkuta akianika shuka. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, halafu akauliza swali moja tu.

"Nikiiacha imezimwa mpaka Alhamisi, haitaharibika?"

"Haitaharibika. Lakini—"

"Basi nitaiacha."

Ingekuwa hivyo tu, habari hii isingekuwepo. Lakini nilikuwa na daftari mkononi, na alama kumi na tatu. Nilimwambia kwamba Jumatano ni siku ya kliniki, watu ni wengi, mtu anaweza kuiwasha kwa bahati mbaya. Nilimwambia kwamba hata ikipita mwaka huu, mwakani atakuja mkunga mwingine asiyejua lolote. Yote hayo yalikuwa kweli. Ukweli mwingine ni kwamba sikutaka orodha yangu ibaki na pengo. Siku hiyo jenereta haikuwa na dizeli, wangeletewa Jumanne mchana. "Nitakuja Jumanne jioni," nikasema. "Niipime, niitibu, ulale salama."

"Sawa, mwanangu. Wewe ndiye unayejua," akasema.

Jumanne nilianzia Masimba, kwa mama mmoja mwenye ofisi ya kupiga chapa barua na programu za mazishi. Mashine yake ilikuwa ya kumi na sita, na ilikuwa nacho. Niliitibu, akanipa chai na ndizi, nikaondoka mbio ili niwahi Manga. Kile kilima nilikipanda kwa miguu nikiwa na furaha, lazima niseme hivyo. Wanawake waliokuwa wakitoka kuchuma chai walinisalimu, nami niliwaitikia kwa sauti kubwa. Nilifika zahanati saa kumi na mbili na robo. Jua lilikuwa bado linaonekana upande wa ziwa, na jenereta ilikuwa imeshaanza kunguruma nyuma ya jengo.

"Bwairire," Sista alinisalimu, ile salamu yetu ya jioni, akanifungulia chumba cha kompyuta.

Nilifungua mkoba. Diski ya dawa ilikuwepo. Ya kuwashia haikuwepo. Nikamwaga kila kitu mezani, nikatikisa mkoba, na papo hapo nikaiona kwa macho ya moyo ilipo: ndani ya mashine ya yule mama wa Masimba, nilimoiacha aliponiita nije ninywe chai.

"Kuna shida?" Sista aliuliza.

"Hakuna shida," nikasema. Nilitazama saa yangu ya mkononi. Saa kumi na mbili na dakika ishirini, Jumanne. Nikafikiri haraka haraka. Sharti la diski safi ni la tahadhari tu. Kirusi kinaamka Jumatano, na Jumatano haijafika. Hata nikiiwasha kawaida leo, kitakuwa kimelala, nami nitakitilia dawa kikiwa usingizini. Nilimweleza Sista hivyo hivyo, kwa fahari. Kisha nikanyoosha mkono nikabonyeza swichi.

Taa nyekundu iliwaka, kama kawaida. Ndani kukaanza kukwaruza. Nikangoja maandishi yatokee kwenye kioo, hayakutokea. Ile taa nyekundu, ambayo huwa inawaka na kuzimika, ilibaki imewaka tu, na mkwaruzo ukaendelea bila kupumzika, na kioo kikabaki cheusi. Nilihesabu hadi kumi nikijipa moyo kwamba ni jenereta. Kisha nikaizima kwa nguvu, nikaiwasha tena. Mashine ikaandika mstari mmoja kwamba haioni chochote cha kuamkia.

Sijui niseme nilishtuka vipi. Nilikuwa nimeona jambo lisilowezekana, na akili yangu yote ilikuwa inabishana nalo: leo ni Jumanne, leo ni Jumanne, leo ni Jumanne. Nilimwuliza Sista leo ni siku gani, kwa sauti ambayo sikuijua.

"Ni Jumanne," akasema. Halafu akatazama nje dirishani, akajirekebisha taratibu. "Inaisha."

Niliingia kwenye ule ukurasa wa bluu ambao mashine inaonyesha kabla ya kuamka, mahali pa saa na tarehe. Pale juu palikuwa na Jumatano. Saa sita usiku na dakika ishirini na nne.

"Nani amegusa saa hii?" Nilipiga kelele. Sijawahi kumpigia kelele mtu mzima kama yule, kabla wala baada.

"Ni mimi," Sista alisema. "Si wewe ulinifundisha?"

Alinieleza akiwa amesimama, mikono imeshikana mbele. Ile mashine ilikuwa inaanza siku mpya katikati ya usiku, watu wakiwa wamelala, na yeye hakuwahi kuona siku ikianza hapo. Siku inaisha jua likizama. Saa kumi na mbili inagonga, tunaanza kuhesabu moja tena. Basi alikuwa ameisogeza saa mbele kwa saa sita, ili watoto wa Ijumaa jioni waandikwe Sabato kama inavyotakiwa. Na kwa bahati nzuri, akasema, baada ya hapo saa yenyewe ikawa inasomeka vizuri zaidi. Ikiwa saa moja jioni, kioo kinasema moja. Ikiwa saa mbili, kinasema mbili.

"Na ulikuja hapa baada ya hapo," aliongeza. "Mwezi wa kwanza. Ulikaa kwenye hicho kiti. Nilifikiri umeona."

Nilikuwa nimeona. Hilo ndilo lililonimaliza. Nilikumbuka ile jioni ya Januari, nikiwa nimekaa pale pale, na kule chini ya kioo pameandikwa moja na dakika kumi. Na ilikuwa kweli saa moja na dakika kumi, kwa kila mdomo wa Mgusii, kwa kila redio ya Kiswahili, kwa mama yangu nyumbani. Nilikuwa nimezipita tarakimu hizo bila kujikwaa. Kwa miaka mitano nilikuwa nimewafundisha wanafunzi kwamba kompyuta inahesabu kwa saa za Kizungu, na siku moja ilipohesabu kwa saa zetu sikuona kitu cha ajabu. Tarehe iliyokuwa kando yake, ambayo lazima ilikuwa ya kesho, sikuitazama hata kidogo.

Nilimwambia ukweli. Sikumpa matumaini ya uongo kwamba labda mtaalamu wa Nairobi ataweza kurudisha kitu, ingawa baadaye nilipeleka ile mashine huko na mtaalamu akatikisa kichwa. Nilimwambia kwamba vimekwenda vyote, miaka yote ishirini na miwili. Nilimwambia kwamba angeiacha imezimwa kama alivyotaka, vingekuwepo. Nilisema hivyo mara mbili.

"Nyasae," alisema mwishowe, polepole, akimtaja Mungu, na akaketi kwenye kitanda cha kupimia wagonjwa. Aliikalia mikono yake. Mimi nililia. Sina haja ya kuficha, nililia kwa sauti, mwalimu mzima, na yeye aliniacha nilie. Hakuniambia si kitu. Nilimshukuru kwa hilo baadaye, maana ilikuwa kitu.

Nje giza lilikuwa linaingia. Alipoinuka, alikwenda kwenye kabati akatoa kaunta buku mpya, akaiweka mbele yangu juu ya kibodi, na kalamu.

"Andika," akasema.

"Niandike nini, Sista?"

"Wenye mama zao, Jumamosi nitatangaza kanisani. Mama hasahau siku aliyozaa. Watakuja hapa mmoja mmoja, watatuambia." Alivuta kiti akaketi karibu nami, macho yake yakiwa kwenye ukuta. "Tunaanza na wale ambao hawana wa kuuliza."

Sikumwelewa hadi alipoanza. Alitaja jina la mama, jina la mtoto, siku, mwezi, mwaka, saa. Kisha akaniambia mama alikufa baada ya muda gani. Hakusita, hakurudi nyuma kusahihisha. Alikuwa anawataja wanawake waliomfia mikononi mwake wakizaa, na watoto waliobaki. Wengine aliniambia wanasoma wapi sasa. Mmoja, alisema, anachuma chai hapo chini, umempita njiani. Niliandika nikiwa nimepigwa na butwaa, mkono ukiuma, nikiogopa kumwuliza arudie jina. Hao hakuwa amewatoa kwenye kitabu wala kwenye mashine yangu. Walikuwa kumi na mmoja.

Wa mwisho alikuwa msichana, amezaliwa Ijumaa, saa moja na robo jioni. Kalamu yangu ilisimama.

"Niandike Ijumaa?" nikauliza.

Sista aligeuza uso kutoka ukutani akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu aanze.

"Jua lilikuwa limezama," akasema.

Nikaandika Jumamosi.